Kamba ya Mita 20: Watoto Wetu Wasome Pori kwa Mikono Yao

Maneno haya yalisemwa na mwalimu mmoja wa sayansi mjini Lubumbashi, mbele ya familia zilizohama makwao, viongozi wao na viongozi wa wenyeji. Tunayatoa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Sitaongea sana juu ya amani, maana neno hilo mmelisikia katika mikutano mingi, mmelipigia makofi, kisha mkarudi nyumbani na kukuta ugomvi uleule unawangoja mlangoni. Leo nataka kuongea juu ya miti.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Mwenyeji anasema: tangu wageni hawa wafike, pori limekwisha. Mgeni anajibu: pori tulilikuta limekwisha, ninyi wenyewe mliliuza kabla hatujafika. Maneno haya nimeyasikia kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiluba, na katika lugha zote tatu sijasikia mtu akileta hesabu. Kila mmoja analeta hasira yake tu, na hasira ya huyu haiwezi kupimwa na ile ya yule.

Hesabu moja ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani za eneo linalotoa makala ya mji wetu. Mwaka 1990 msitu ulifunika karibu asilimia 78 ya eneo hilo. Mwaka 2022 ulibaki karibu asilimia 40. Ndani ya miaka hiyo 32, ni kweli, watu walikimbia vita vya Mitwaba, Pweto na Manono, na wengine wengi wametoka Kivu. Lakini ndani ya miaka hiyohiyo mji huu umekua kila upande, umeme haujatosha, na jioni makala yanawaka hata katika nyumba yenye gari mlangoni. Gunia lililochomwa na mgeni limepikia bukari ya mwenyeji. Tukitafuta mwenye hatia, tuanze kutafuta jikoni kwetu sote.

Picha ya angani inaonyesha kwamba pori limepungua. Haisemi nani alikata, wala kisiki gani kinachipuka tena na kipi kimekufa. Kwa mambo hayo ni lazima mtu ashuke, atembee kwa miguu, ainame, ashike. Ndiyo sababu naomba watoto wenu, wa wenyeji na wa waliohama, watoke pamoja darasani na kwenda kusoma pori likiwa limesimama mbele yao.

Jambo hili si geni kwetu. Chuo kikuu kilianza hapa miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Elisabethville, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Profesa François Malaisse na wenzake walianza kusoma pori la Luiswishi, si mbali na mji. Hawakwenda kutembea tu. Walipima majani yanayoanguka, walifuata mchwa, udongo na moto, mwezi kwa mwezi. Malaisse aliwauliza pia watu wa vijijini wanakula nini kutoka porini, na mwaka 1997 akatoa kitabu kikubwa juu ya chakula cha miombo: matunda, viwavi, uyoga, asali, mizizi. Elimu ile ilitoka vinywani mwa mama zetu na bibi zetu, ikaandikwa na profesa. (Leo ukisema Luiswishi, kijana anafikiri unamwambia habari za mgodi wa shaba na kobalti. Jina lile lina historia mbili, na ile ya majani inasahaulika.)

Kazi hiyo inaendelea. Katika hifadhi ya Mikembo, karibu na Lubumbashi, watafiti walipima hekta 10 za miombo na kuandika miti yake, mmoja mmoja. Waliona kwamba juu ya vichuguu vikubwa huota miti tofauti na ile ya chini, maana mchwa hupandisha udongo wenye rutuba nyingine. Vichuguu vyetu mnavijua. Vingine vinazidi urefu wa nyumba, na tunavichimba kwa ajili ya matofali bila kuvifikiria. Mwaka 2015 ilitangazwa hesabu ya umri wa vichuguu vya miombo ya Katanga. Kimoja kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kilikuwepo kabla ya misalaba ya shaba, kabla ya Msiri, kabla ya sisi sote tunaobishana leo nani alifika wa kwanza.

Sasa niwaambie kazi yenyewe inafanywaje, maana mzazi hawezi kukubali jambo ambalo halioni.

Mnahitaji kamba ya mita 20, yenye fundo kila mita. Mnahitaji utepe wa fundi wa nguo, rangi kidogo, vijiti, na madaftari mawili. Kwa kamba mnatengeneza mraba wa mita 20 kwa 20. Ili pembe inyooke, fanyeni kama mafundi wa kujenga: hesabu fundo 3 upande huu, 4 upande ule, na kati ya ncha hizo mbili ziwe 5. Mraba huo ni sehemu moja ya 25 ya hekta. Ndani yake mnapima kila mti kwa kuuzungushia utepe kwenye urefu wa mita 1.3, yaani karibu na kifua cha mtu mzima. Mnaupa namba kwa rangi. Kisha mnahesabu visiki vyote, na juu ya kila kisiki mnahesabu machipukizi na kupima lile refu kuliko mengine.

Kuna swali ambalo ni zito kuliko yote: mraba uwekwe wapi? Mwenyeji akichagua, atatupeleka palipoharibika sana, karibu na vibanda vya wageni. Mgeni akichagua, atatupeleka penye kivuli. Hakuna anayedanganya, kila mmoja anachagua mahali ambapo moyo wake unaumia au unapumzika. Ndiyo maana wanafunzi wa sayansi hawachagui. Wanachora ramani ya pori, wanaigawa katika vyumba vidogo vyenye namba, wanaandika namba kwenye vikaratasi, wanavitia katika kofia, na mtoto mdogo anavuta. Namba iliyotoka ndiyo tunayoiendea, hata kama iko penye miiba. Nimeona watu wazima wakiangalia kofia ile kwa makini kuliko wanavyoangalia sanduku la uchaguzi.

Na madaftari ni mawili kwa sababu hii: mtoto wa mwenyeji anashika utepe na kusoma kwa sauti, mtoto wa aliyehama anaandika, mraba unaofuata wanabadilishana. Daftari moja linabaki kwa chifu, la pili kwa kamati ya familia zilizohama. Siku ugomvi ukizuka tena, madaftari yanaletwa mezani na kulinganishwa. Kama namba hazifanani, tunarudi porini. Mti namba 14 uko palepale na rangi yake, tunaupima tena.

Majina nayo yana kazi yake. Mzee wa Kilamba au wa Kibemba atawaambia huu ni muputu, huu mutondo, ule ni musuku wenye matunda ya masuku. Mama aliyetoka Mitwaba atauita mti huohuo kwa Kiluba. Andikeni majina yote, moja chini ya lingine, msifute hata moja. Mtoto anayejua kwamba mti wa kwao upo hapa pia, kwa jina jingine, ana mahali pa kuanzia.

Tunapohesabu visiki tunajifunza jambo ambalo hasira haituonyeshi. Miti mingi ya miombo haifi ikikatwa. Inachipuka kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi, na baada ya miaka mingi inakuwa pori tena. Kinachoiua ni kulimwa mfululizo, kung'olewa visiki, na moto unaorudi kila mwaka juu ya machipukizi machanga. Moto wenyewe una tofauti. Ng'ambo ya mpaka, kule Ndola ambako wengi wenu mna ndugu, walitenga vipande vya pori tangu mwaka 1933. Kipande kimoja kilikingwa na moto, kingine kilichomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, na kingine kilichomwa mwishoni, majani yakiwa makavu kabisa. Matokeo yaliandikwa mwaka 1959. Kilichokingwa kilikuwa msitu mzito. Kilichochomwa mapema kilibaki pori. Kilichochomwa mwishoni kilipoteza karibu miti yake mikubwa yote na kugeuka majani. Moto wa Septemba na Oktoba ndio unaomaliza pori, na moto huo hauwashwi na mchoma makala peke yake. Unawashwa na mwindaji wa panya, na mwenye ng'ombe, na mtoto anayecheza. Hapo mazungumzo yetu yanabadilika. Badala ya kuuliza nani aondoke, tunauliza nani atazuia moto baada ya Juni. Swali hilo lina majibu.

Mama zangu, ninyi mnaouza uyoga barabarani kuanzia Desemba, mtanielewa haraka. Ule uyoga mkubwa wa kichuguu unalimwa na mchwa chini ya ardhi. Kichuguu kikichimbwa chote kwa matofali, nao unakwisha. Uyoga mwingine mwingi, kama ule wa rangi ya machungwa, unaishi pamoja na mizizi ya muputu na mutondo, huku ukilishwa na mti na kuulisha. Mti ukiondolewa pamoja na mizizi yake, uyoga hauhamii mahali pengine. Kwa hiyo mtoto akiandika "visiki 31, vilivyochipuka 9", ameandika pia habari za biashara ya mama yake. Na kama ni mukula, ule mti mwekundu uliokatwa kwa wingi miaka ya 2010 na kupelekwa China, basi aandike hivyo. Sote tunajua kwamba malori yale hayakuwa ya wakimbizi.

Sasa naomba tutoke miombo kidogo, twende upande wa bomba la Gécamines. Hapa mambo ni mazito zaidi.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, ukaanguka upande wa kaskazini-magharibi, kwenye mitaa kama Penga Penga. Moshi uliobeba shaba, kobalti, risasi na kadimiamu haukupotea; umo ndani ya udongo. Mnaona kule ardhi iko wazi, miti ni michache, majani ni ya aina chache tu. Mtu aliyefika juzi kutoka mbali anaona kiwanja kitupu na anafurahi: hapa sitasumbuliwa, nitapanda lengalenga na matembele. Mgeni mara nyingi hupewa ardhi ambayo wengine waliiacha, na hakuna anayemwambia kwa nini waliiacha.

Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na madini mengi mwilini kuliko wengine, na watoto walikuwa na kobalti nyingi zaidi. Siwatishi. Nawaambia kwa sababu mimea ingeweza kuwaambia mapema.

Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea yake. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 30 ambazo hazioti mahali pengine popote duniani ila kwenye udongo wa shaba na kobalti wa huku kwetu. Mmea unaojulikana sana huko ni lile ua dogo la zambarau ambalo watafuta madini waliliita ua la shaba. Liko hata mahali ambapo wazee wa zamani waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita. Tanuru zilibomoka na kufukiwa, lakini ua lilibaki likionyesha kidole. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefuata ua hilo na kukuta tanuru chini yake. Mtoto aliyefundishwa kwa macho na mikono yake kutambua mimea hiyo anaweza kumwambia mama: hapa tusilime mboga, tupime kwanza.

Wanafunzi na watafiti wa kitivo cha kilimo walifanya jambo la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi. Walikwenda Penga Penga na kujaribu kupanda aina tatu za majani ya huku kwetu kwenye udongo ule mbaya, mahali pengine wakitia chokaa na mbolea ya takataka zilizooza, mahali pengine wasitie kitu. Majani ya aina moja, yanayoitwa Microchloa altera na wataalamu, yalishika vizuri sana. Ni majani mafupi ya vilima vya shaba vyenyewe. Yakifunika udongo, upepo hauliinui tena vumbi lile kuingia katika sahani na vifua vya watoto. Matokeo yalichapwa mwaka 2010. Hawakuagiza dawa Ulaya. Waliitafuta juu ya vilima vilivyozoea ugonjwa uleule.

Najua mnayotaka kuniuliza, maana mzee mmoja ameniuliza hapo nje kabla hatujaingia. Mwalimu, mtoto hajala, wewe unamfundisha kuhesabu miti? Mzee wangu, swali lako ni la haki. Siwezi kusema kwamba kamba ya mita 20 inapikwa. Nasema tu kwamba familia yako inakula kwa makala, kwa uyoga, kwa shamba la kukodi kwa mwenyeji, na vyote vitatu vinategemea mwenyeji akuamini na pori lisife. Kule Kenya, Wangari Maathai alipoanza kazi ya kupanda miti na akina mama mwaka 1977, wale mama walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Kwa hiyo walilazimika kuhesabu, kurudi kuangalia, kuandika. Wengi wao hawakuwa wamesoma sana. Zawadi ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004 ilitoka pia katika hesabu zile za kijijini.

Wapo wenye hofu nyingine, na hii naiona ni ya kweli zaidi: hesabu inaweza kutoka vibaya kwetu. Inaweza kuonyesha kwamba karibu na makao ya waliohama visiki ni vingi kuliko kwingine. Inaweza pia kuonyesha kwamba pori la upande wa pili, ambako hakuna mkimbizi hata mmoja, limekwisha kabisa. Anayeingia katika kazi hii akubali yote mawili kabla kofia haijatikiswa. Viongozi wakubaliane hadharani, mbele ya watu, kwamba namba hazitatumiwa kumfukuza mtu. Kama chifu hawezi kusema hivyo, msianze. Daftari lililoandikwa na watoto lisigeuzwe kuwa karatasi ya mashtaka.

Yapo pia mambo madogo ambayo yakisahaulika huharibu kila kitu. Pori lina mwenyewe: ombeni ruhusa kwa chifu kwanza, kwa desturi ya hapa. Msikaribie eneo la mgodi lenye walinzi, hata kama ramani inasema namba iko mle. Vuteni kikaratasi kingine na mwandike sababu. Viatu, kwa ajili ya nyoka. Wasichana wasiende bila mama mmoja au wawili, na mama hao wasikae tu kivulini, maana ndio wanaojua majina. Kwenye udongo wa upande wa bomba, hakuna kula wala kushika mdomo mpaka mikono ioshwe kwa maji yaliyobebwa kutoka nyumbani. Na mwanafunzi wa chuo kikuu akija na maneno yake makubwa, mpeni daftari na mumwambie aandike kwanza.

Wakati mzuri wa kuanza ni Mei au Juni, mvua ikiwa imekwisha na majani bado hayajachomwa. Mnarudi Oktoba, pale muputu unapotoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, kuangalia machipukizi mangapi yalipona kiangazi na moto. Kisha mnarudi mwaka unaofuata, kwenye miraba ileile. Mara moja haitoshi. Namba za mwaka mmoja ni kama picha ya mtu amefumba macho.

Kamba nimekuja nayo, iko hapa mezani, na mafundo yake 20 nimeyafunga mwenyewe. Nje ya ukumbi huu kuna uwanja na miti michache ya maembe. Kabla ya chakula, naomba vijana 4 wa wenyeji na vijana 4 wa familia zilizohama waje mbele tuupime uwanja huo. Wazee watakaa kwenye benchi na kuhesabu pamoja nasi, na yule mzee aliyeniuliza swali ndiye atakayeshika kofia.